Ghala, Ngozi na Majira: Kuusikiliza Muziki wa Wagogo

Imekuwa ada, kila uzungumzwapo muziki wa nyanda za kati, kuanza na mbuyu, vumbi na upepo. Ukame wa nchi, twaambiwa, ndio uliozaa ukavu wa sauti ya zeze. Na upana wa mbuga ndio uliozaa ile sauti ya juu ya mwimbaji wa Kigogo, inayovuka kutoka kilima hadi kilima. Maneno haya ni matamu, na utamu wake ndio hatari yake. Kama nchi kavu ingetosha kuzaa sauti kavu, majangwa yote ya dunia yangekuwa na zeze moja, na sisi tuliozungukwa na bahari tungekuwa na muziki wa maji matupu.

Hata hivyo, mwenye kuyakataa maneno hayo moja kwa moja naye atakuwa amekosea. Majira yana mkono katika muziki wa Ugogo, tena mkono mzito. Makala haya yanakusudia kuuliza mkono huo unamshika mwanamuziki wapi hasa: kwenye ala yake, kwenye wakati wake, au kwenye tumbo lake? Jibu likishapatikana, tutalitumia kuzisikiliza kazi mbili za ukoo mmoja zilizotoka katika vipindi viwili: Chibite, albamu ya Mzee Hukwe Zawose iliyotolewa na Real World mwaka 1996, na Maisha, albamu ya binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wajulikanao kama The Zawose Queens, iliyotolewa na kampuni hiyo hiyo mwaka 2024. Mwandishi wa makala haya ni mtunga mashairi na mfasiri, wala hakupata kusomea muziki. Anachojua ni kusikiliza, na kutilia shaka neno linapokuwa jepesi mno.

Mwaka wenye mlango mmoja

Mji wa Dodoma umekaa juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake huja mara moja tu kwa mwaka, aghalabu tangu Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni baina ya milimita 550 na 600. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600, tena kwa milango miwili, masika na vuli. Mkulima wetu akikosa vuli huingoja masika. Mkulima wa Ugogo akikosa mvua ya Januari hana pengine pa kungoja ila mwaka mwingine. Na hata mvua ikianza vyema, huweza kukatika katikati ya msimu, aghalabu mwezi wa Februari, mtama na uwele vikiwa bado vichanga. Baada ya Aprili mbingu hufunga. Juni na Julai ni miezi ya upepo na usiku wenye baridi; Oktoba na Novemba ni miezi ya joto, na macho yote huelekea juu.

Tofauti hii ya milango ni kubwa kuliko tofauti ya milimita, na sisi wa visiwani huenda tusiifahamu upesi, kwa kuwa kalenda ya muziki wetu hufuata mwezi kuliko jua. Vikundi vya taarab, tangu Ikhwan Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, vilizoea kunyamaza Ramadhani na kufungua midomo Sikukuu. Na kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, Ramadhani huzunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Mpiga kanuni aliyejaliwa umri mrefu atakuwa amenyamaza katika kaskazi, katika kusi, katika masika na katika kipupwe. Ukimya wake hauna msimu. Yako mambo yetu machache yafuatayo jua, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, uadhimishwao Julai, ni mojawapo. Lakini hayo hayaitawali kazi ya mwanamuziki wa mjini. Ukimya wa mwanamuziki wa Ugogo, kinyume chake, ulikuwa na mahali pake palepale kila mwaka: wakati wa jembe.

Ngozi na mbao

Tuanze na lililo wazi. Ngozi hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa hulegea, ikilegea sauti yake hushuka. Hewa ikikauka ngozi hukaza, sauti ikapanda, na ikizidi kukaza huchanika. Mpiga ngoma wa pwani analijua hili kabla hajajua kusoma, ndiyo maana pembeni mwa ngoma zetu pana moto wa makumbi au makuti, na kila baada ya muda ngoma hupelekwa kuota. Hata kanuni, ala ya watu wa sebuleni, ina daraja lililosimama juu ya ngozi. Masika ikiingia, mwenye kanuni hukaza nyuzi akilaumu mvua.

Ala za Wagogo zina ngozi vilevile. Muheme, ngoma ya wanawake, ina kiuno chembamba katikati, na mpigaji huibana baina ya mapaja akiwa amesimama. Zeze lina ngozi iliyowambwa juu ya chombo cha kutolea mvumo. Ilimba haina ngozi, bali ni sanduku la mbao lenye vyuma vingi vilivyobanwa juu yake. Na mbao nazo hufura masika, hunywea kiangazi. Zikinywea, mabano hulegea na vyuma hutetema pasipotakiwa. Mpigaji basi hukisukuma chuma ndani kidogo, kikawa kifupi na sauti yake ikapanda. Au hukivuta nje, kikawa kirefu na sauti ikashuka. Kazi hiyo haina mwisho.

Hapa tahadhari inahitajika. Kwa mwanamuziki aliyefundishwa kwamba sauti fulani lazima ilingane na kipimo kilichowekwa mbali naye, mabadiliko haya ni balaa. Kwa Mgogo hayakuwa hivyo. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria ameeleza kwamba mpango wa sauti wa Wagogo umejengwa juu ya zile sauti zinazozaliwa na uzi mmoja ukitetema mzima, kisha kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea. Wagogo wamechukua sehemu ya ngazi hiyo ya maumbile, takriban hatua ya nne hadi ya tisa, wakaifanya msingi wa uimbaji wao wa sauti nyingi. Maana yake ni kwamba kipimo kimo ndani ya sauti zenyewe zinavyohusiana. Ilimba ikishuka yote kwa pamoja, hakuna kilichoharibika: mwimbaji hushuka nayo. Linaloumiza ni chuma kimoja kutengana na wenziwe, na hilo sikio hulitibu papo hapo.

Kwa hivyo hali ya hewa huigusa ala ya Kigogo kila siku, lakini haimzuii mpigaji. Humfundisha. Anayekaa na ilimba Novemba kuna jua na Machi kuna tope atakuwa ameitafuta ngazi ile ya maumbile mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe, na kila mara anapoitafuta anaijua zaidi. Mfasiri hapa hawezi kupita bila kulitazama neno letu la mazoezi, ambalo ni ndugu wa mazoea. Yote mawili yametoka katika kuzoea. Siku hizi mazoezi yamekuwa kujifungia chumbani na kurudia jambo kwa saa, na mazoea yamekuwa karibu ya aibu. Ila mpiga ilimba tuliyemwona hana ukuta baina ya hayo mawili. Kuirekebisha ala kwa sababu ya hewa ndiyo sehemu kubwa ya kuizoea.

Ghala ndiyo kiongozi

Kama ngozi haimzuii, ni nini basi kinachomzuia? Tazama safari ya punje. Mvua ikinyesha Desemba watu wako shambani, na kila mkono wenye nguvu umeshika jembe hadi palizi iishe. Mavuno yakishaingia, baina ya Mei na Juni, ghala hujaa. Ghala ikijaa kuna unga wa kulisha wageni na kuna punje za kutengeneza pombe. Na palipo pombe na wageni kuna ngoma. Jando nalo huwekwa kiangazi, baada ya mavuno, kwa sababu waliomo kumbini hula na hawalimi. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, anaeleza jinsi mtemi alivyokuwa mwenye mawe ya mvua na pia mwenye kutoa ruhusa ya jando. Wasomaji wengi watauona huo kuwa ushirikina uliogandamana na utawala. Mimi nauona kuwa hesabu safi kabisa: anayeangalia mvua ndiye anayejua kama mwaka huu kutakuwa na chakula cha kuchezea ngoma.

Hivyo njia kuu ya hali ya hewa kumfikia mwanamuziki haipiti kwenye ngozi ya ala. Hupita ghalani. Mwaka wa mvua mbaya ngoma hukaza vizuri sana, maana hewa ni kavu. Lakini hakuna wa kuipiga kwa siku tatu mfululizo, wala hakuna wa kumlisha. Ukavu unaoipendeza ngozi ndio unaoua shughuli. Hili ndilo lililofichika katika ile sifa tamu ya mbuyu na vumbi. Msifuji anausikia ukame katika zeze, ilhali ukame halisi ni zeze kutosikika.

Wala mvua peke yake haikutawala ghala. Mathias Mnyampala, ambaye wasomaji wa ukurasa huu wanamjua kwa ngonjera, alizaliwa mwaka 1917 karibu na Dodoma, katika mkesha wa njaa kubwa ambayo Wagogo wameiita Mtunya. Njaa hiyo ilikuja na ukame, naam. Ila kabla ya ukame yalipita majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, yakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa zimekwisha kufagiliwa. Mnyampala alikuja kuandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za watu wake, kitabu kilichochapishwa mwaka 1954, na akawa fundi wa bahari za ushairi wa pwani hadi kufa kwake mwaka 1969. Tumkumbuke kila tunaposhawishika kusema kwamba Ugogo ni nchi ya maumbile tu. Ni nchi ya historia, na njaa zake zina wahusika.

Kiangazi cha mrekodi

Sasa tuligeuze swali tumwelekezee msikilizaji. Sauti tulizonazo za Ugogo zimetufikiaje? Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950. Polo Vallejo wa Hispania amefanya kazi ya miaka mingi miongoni mwa Wagogo, na kitabu chake cha mwaka 2004 kimeshughulikia nyimbo za watoto. Kedmon Mapana, mwenyewe mwana wa Ugogo, ameandika mengi na amekuwa nyuma ya tamasha la muziki wa Kigogo la Chamwino, ambalo desturi yake imekuwa kufanyika Julai. Nawaheshimu wote. Ninalotaka kulisema halimlaumu yeyote, linahusu njia ya gari. Barabara za udongo za Ugogo hupitika kiangazi. Likizo za vyuo vikuu vya Ulaya huangukia kiangazi hicho hicho. Watu wako nyumbani kiangazi, wana muda, wana chakula, na mgeni hupokelewa kwa ngoma. Yumkini basi sehemu kubwa ya hazina ya sauti za Wagogo, kwa wingi wa watafiti na wingi wa miaka, ni hazina ya miezi minne au mitano ya mwaka.

Je, miezi iliyobaki ilikuwa kimya? Haiwezekani. Mtoto anayelinda ndege wasile uwele ana sauti. Mchunga ng'ombe aliyekimbilia chini ya mti mvua ikimpiga ana sauti. Mama anayepalia na mtoto mgongoni ana wimbo wa kumtuliza, na mkono wake una mwendo ambao jembe limeuweka. Huo muziki wa masika ni mdogo, hauna hadhira, hauna pombe, na haumwiti mtafiti. Lakini ndipo mahali ambapo sauti za watu wazima wa Julai hulelewa. Anayesikia umahiri wa mavuno akaudhani umeota siku ile ile, anafanana na anayeona mtama ghalani akasahau palizi.

Julai isiyokwisha

Turudi sasa kwa Mzee Hukwe. Mwana huyu wa Ugogo aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Baadaye maisha yake yakafungamana na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, na hapo Bagamoyo ndipo ukoo wake ulipojenga. Tulitafakari jambo hilo kwa utulivu. Muziki uliozoea hewa kavu ya mita 1,100 ulihamia ufukweni, penye chumvi na unyevu, penye masika na vuli. Ngozi zikakutana na hewa ambayo sisi tunaijua. Na ghala? Ghala ikawa mshahara. Mwalimu wa chuo hungoja mwisho wa mwezi, hangoji mavuno, na mwisho wa mwezi huja mara 12 kwa mwaka.

Kisha zikaja safari. Matamasha ya Ulaya kama WOMAD, aliyoshiriki, hufanyika zaidi katika majira ya joto ya huko, yaani katika kiangazi cha Ugogo: kwenye wakati ule ule ambao nyumbani ni wa ngoma za mavuno. Hivyo mwanamuziki mashuhuri kuliko wote wa kabila lake alizoea kupiga muziki wa mavuno katika msimu wa mavuno, ila mbele ya watu ambao hawakuvuna naye.

Ukiisikiliza Chibite kwa fikra hizi, unasikia kitu ambacho sifa za kawaida hazikitaji. Uzito wa albamu uko kwenye mbao, chuma, uzi na koo. Mashine hazikuingilia sana. Ilimba zimefungamana kwa namna ambayo huwezi kusema mmoja ameanza wapi na mwenziwe ameishia wapi, na juu yake sauti ya Hukwe inaruka kutoka kifuani hadi kileleni bila kugonga ngazi. Ala zimelingana kwa ukamilifu. Na ukamilifu huo ndio unaonitia wasiwasi kidogo, kwa sababu ni wa hewa isiyobadilika. Ndani ya studio hakuna Novemba. Hakuna chuma kinacholegea katikati ya wimbo, hakuna mpigaji anayenyosha kidole kukirudisha huku mwenziwe akimsubiri kwa kuzungusha mstari ule ule. Ni Julai isiyokwisha: mavuno bila kulima, shibe bila kumbukumbu ya njaa. Bado ni kazi kubwa, na naamini itadumu. Ninachosema ni kwamba tusiidhani kuwa mwaka mzima.

Hukwe alifariki tarehe 30 Desemba 2003, mwezi ambao Ugogo hutazama mbinguni. Miaka 20 na zaidi baadaye imekuja Maisha. Hapa mambo mawili yamegeuka. La kwanza, vyombo vya umeme vimekaribishwa, kwa kiasi na kwa adabu. Chombo cha umeme hakijui unyevu. Sauti yake hukaa ilipowekwa. Ilimba ikicheza nacho, ilimba ndiyo inayolazimika kumfuata mwenziwe, na ile hiari ya kushuka na kupanda pamoja na hewa imepunguzwa. Hiyo ni hasara, na mhakiki mkweli aitaje.

La pili ni faida, na naiona kubwa kuliko hasara. Katika ukoo huu, kama kwa Wagogo kwa jumla, wanawake walikuwa wenye muheme na wenye kuitikia. Kiongozi na mpiga ilimba alikuwa mwanamume. Katika Maisha wanawake ndio wanaoongoza na ndio wanaopiga. Mwenye kulia kwamba muziki umetolewa katika majira yake na akumbuke majira hayo yalikuwa na nini. Muheme, kama alivyoonyesha Mapana katika utafiti wake wa mwaka 2007, ilikuwa ngoma ya kuwatahiri wasichana. Msimu wake uliomo katika masimulizi matamu ya kiangazi na mavuno ulikuwa pia msimu wa kisu. Sheria ya mwaka 1998 imelifanya tendo hilo kuwa kosa dhidi ya msichana aliye chini ya miaka 18, na muheme imehamia katika sherehe na jukwaani. Nani atathubutu kuomba irudishwe katika wakati wake wa asili? Yako majira ambayo ngoma imefanya vyema kuyakimbia.

Tunaombaje basi?

Naomba mambo mawili madogo. La kwanza, anayerekodi muziki wa Ugogo atuandikie mwezi, asituandikie mwaka pekee. Nasi tunaohakiki tuuulize. Mwezi utatuambia kama tunasikia ghala iliyojaa au inayopungua, ngozi iliyokaza au iliyoota moto kwanza.

La pili, aende mtu Januari. Dodoma sasa ina Chuo Kikuu tangu mwaka 2007, na serikali ilianza kuhamia huko kwa dhati mwaka 2016. Haiwezi tena kusemwa kwamba ni mbali. Vijana wanaosoma hapo wanaweza kufika vijiji vya jirani kwa miguu, tope likiwapo. Wasiende kutafuta ngoma kubwa, kwa kuwa hawataikuta. Wakae kando ya shamba, wamsikilize mtoto anayefukuza ndege. Mvua za sasa zimekuwa ngumu kutabirika kuliko walivyozizoea wazee, na vijana wengi wanaacha jembe kwa kazi za mjini; nyimbo zilizoshikwa na jembe zitaondoka pamoja nalo, kimya kimya, bila tamasha la kuziaga.

Mavuno tumekwisha kuyarekodi. Palizi bado.